Safari ya Mpiga Picha Katika Msitu wa Maji

Katika somo hili tutasafiri mbali. Tutavuka bahari hadi Amerika ya Kusini, katika nchi ya Brazili. Huko kuna mto uitwao Amazon. Tutapanda boti, kisha mtumbwi, tukimfuata mpiga picha anayetafuta wanyama wakati wa mvua kubwa. Halafu tutaiacha kamera na kuwatazama wavuvi wa huko, maana habari yao inatuhusu zaidi.

Soma polepole. Ukifika mahali penye namba, simama kidogo uzifikirie.

Mto usio na mfano

Mto Amazon huanza katika milima ya Andes, nchini Peru, ukaelekea mashariki mpaka bahari ya Atlantiki. Urefu wake ni kilomita zipatazo 6,400. Kwa wingi wa maji hakuna mto duniani unaoulingana. Chukua maji yote yanayomwagwa baharini na mito yote ya dunia. Yagawe mafungu matano. Fungu moja, karibu lote, ni la Amazon peke yake.

Mji mkubwa wa katikati ya msitu huo ni Manaus. Uko mbali sana na bahari, kiasi cha kilomita 1,500, lakini meli za baharini hufika hapo. Karibu na Manaus mito miwili hukutana. Mmoja ni Negro. Maji yake ni meusi kama chai ya rangi. Wa pili ni Solimões, nalo ndilo jina la Amazon katika sehemu hiyo. Maji yake ni ya tope. Yakikutana hayachanganyiki mara moja. Huenda bega kwa bega kwa kilomita kadhaa, meusi upande huu na ya tope upande ule, na mpaka wake unaonekana wazi. Sababu ni kwamba maji ya Negro yana joto zaidi, ni mepesi zaidi, na huenda polepole zaidi.

Wageni wengi hupiga picha hapo na kurudi mjini. Mpiga picha wetu anaendelea. Anapanda boti ya abiria kwenda mji wa Tefé, zaidi ya kilomita 500 upande wa magharibi. Kwenda juu ya mto, kushindana na mkondo, huchukua kiasi cha siku mbili.

Boti hizo zina ghorofa mbili au tatu, na pande zake ziko wazi. Abiria wa kawaida hapewi kitanda. Kila mtu huja na kitambaa chake kirefu chenye kamba kwenye ncha zote mbili, akakitundika darini, akalala humo akibembea. Watoto hulala na mama zao. Chini hupangwa magunia ya unga wa muhogo, mikungu ya ndizi na mizigo ya maduka. Watu wa huko hula unga wa muhogo kila siku kama wengi wetu tulavyo ugali. Ila wao huukaanga mpaka uwe chengachenga, kisha huunyunyiza juu ya samaki. Na tusisahau kwamba muhogo wenyewe asili yake ni huko Amerika. Wareno ndio walioleta Afrika katika karne ya 16.

Maji yanapopanda

Karibu na Tefé, mto uitwao Japurá hujiunga na Solimões. Kati ya mito hiyo miwili kuna nchi ya chini iitwayo Mamirauá. Ina maziwa madogo mengi, na vijito vinavyoyaunganisha. Wakati wa kiangazi ni msitu kama misitu mingine. Mtu hutembea kwa miguu.

Mvua kubwa huanza karibu na Desemba na kuendelea mpaka Mei. Mto hujaa kabisa mnamo mwezi wa Juni, maana maji ya mvua za mbali huchukua muda kufika. Je, hupanda kiasi gani? Mita 10 hadi 12. Fikiri juu ya mwembe ulio karibu na darasa lenu. Maji yamefunika shina, yamefunika matawi ya chini, yamefika karibu na kilele. Hivyo ndivyo Mamirauá inavyokuwa kila mwaka. Hapabaki nchi kavu. Watu huenda kwa mitumbwi mahali walipokuwa wakitembea kwa miguu miezi michache kabla.

Wenyeji hawaoni jambo hilo kuwa msiba. Nyumba zao zimejengwa juu ya nguzo ndefu, au juu ya magogo makubwa yanayoelea. Maji yakipanda, nyumba ya magogo nayo hupanda. Wenye ng'ombe huwajengea jukwaa la mbao juu ya maji na kuwaletea majani kwa mtumbwi, kazi ya kuchosha kwelikweli. Maji yakishuka huacha tope jipya lililotoka milima ya Andes. Tope hilo ni mbolea. Watu hupanda humo muhogo, mahindi na mboga, na hujitahidi kuvuna kabla maji hayajarudi. Ndugu zetu wa Rufiji wanaolima mlau, yaani kupanda kwenye udongo ulioachwa na mafuriko, wataelewa mara moja bila maelezo mengi.

Lakini kuna mwaka ambao maji hupanda mapema kuliko kawaida, au hupita kipimo. Hapo muhogo huoza shambani, na kuku hufugwa ndani ya nyumba. Juu ya mashina ya miti utaona alama ya tope inayoonyesha maji ya mwaka uliopita yalifika wapi. Wajenzi huitazama alama hiyo kabla ya kupima urefu wa nguzo.

Wanyama wa msitu wa maji

Sasa tuingie mtumbwini. Mwenyeji mmoja anapiga kafi, na mpiga picha ameketi mbele. Hakuna injini. Mtumbwi unapita kati ya matawi. Majani yanagusa uso. Chini ya mtumbwi, samaki wanaogelea mahali ambapo wakati wa kiangazi ndege hukaa.

Miti mingi ya huko huzaa matunda wakati maji yamejaa. Tunda likianguka majini, samaki wako chini wanangoja. Samaki aitwaye tambaki ana meno mapana kama magego ya mtu, na huvunja mbegu ngumu za mti wa mpira. Mvuvi mjanja hufunga kitu kizito kwenye fimbo, akapigapiga maji, ili samaki adhani tunda limeanguka. Samaki wakila matunda, huzibeba baadhi ya mbegu tumboni na kuzitupa mbali. Kwa hiyo samaki nao hupanda miti. Msitu ukikatwa, samaki hukosa chakula. Samaki wakiisha, miti mingine hukosa wa kuipanda.

Kuna pomboo pia, tena pomboo wa maji baridi. Mmoja wao ana rangi ya waridi. Mifupa ya shingo yake haikuungana kama ya pomboo wengi wa baharini, hivyo huweza kugeuza kichwa huku na huku. Hiyo humsaidia kupita kati ya mashina ya miti akiwafukuza samaki.

Wanyama wa nchi kavu hufanyaje? Jagwa ni mnyama wa jamii ya chui, mwenye madoa, mzito kuliko chui wetu. Watafiti wa Mamirauá waliwavisha majagwa mikanda shingoni yenye kutoa ishara, ili wajue wanakwenda wapi. Walidhani wakati wa maji wanahamia nchi kavu. Kumbe hawahami! Hukaa juu ya miti kwa miezi mitatu au minne. Hulala huko, huwinda huko, hata hulea watoto huko. Wakitaka kuhama mti huogelea.

Kazi ya mpiga picha wakati wa mvua

Mtu anaweza kuuliza: Kwa nini kwenda kupiga picha wakati wa mvua? Si bora kungoja kiangazi?

Jibu ni rahisi. Miti mirefu ya msitu huo hufika mita 30. Wakati wa kiangazi mpiga picha husimama chini. Kima aliye juu huonekana kama doa jeusi mbele ya mbingu nyeupe. Lakini maji yakipanda mita 10, mtumbwi nao umepanda mita 10. Mpiga picha amepewa ngazi bila kupanda. Sasa anaweza kumtazama mnyama karibu uso kwa uso. Ndege, nyoka, vyura na wadudu wote wamekimbilia juu, naye yuko juu pamoja nao. Siafu na nyigu pia wako juu, kwa hiyo mtumbwi ukigusa tawi baya, wote mtumbwini watajua.

Ngazi hiyo ina gharama yake. Chini ya majani mazito mwanga ni hafifu, hasa mawingu yakitanda. Mwanga ukiwa hafifu, kamera huhitaji muda mrefu zaidi ili ipate picha. Katika muda huo kila kitu kinapaswa kutulia. Lakini mtumbwi hautulii. Mpiga kafi akikohoa, picha imeharibika. Kamera haiwezi kusimamishwa juu ya miguu mitatu kama inavyofanywa nchi kavu, kwani chini ni maji ya kina cha nyumba ya ghorofa.

Adui wa pili ni unyevu. Kamera ikitolewa ndani ya chumba chenye ubaridi na kupelekwa nje kwenye joto, kioo chake hutoka jasho. Ikiachwa na unyevu siku nyingi, kuvu huota ndani ya kioo na kukila. Kwa hiyo mpiga picha huweka vyombo vyake ndani ya sanduku lisilopitisha maji, pamoja na vipakiti vya chembechembe zinazonyonya unyevu. Zamani, kabla ya kamera za siku hizi, mkanda mmoja wa filamu ulitoa picha 36 tu. Ukiisha, ilibidi kufungua kamera na kuweka mkanda mwingine, mvua ikinyesha. Na mtu hakujua kama amepata au amekosa mpaka filamu isafishwe mjini, wiki nyingi baadaye.

Lakini mwenye kujua mnyama yuko wapi ni yule aliyeshika kafi nyuma. Yeye husikia tawi likivunjika. Hutambua harufu. Hujua mti gani umezaa wiki hii. Mimi naona nusu ya kila picha nzuri ya msitu wa maji ni yake, ingawa jina lake haliandikwi chini ya picha.

Kima mwenye uso mwekundu

Mnyama aliyefanya Mamirauá ijulikane ni kima aitwaye uakari. Ana manyoya marefu meupe, mkia mfupi, kichwa chenye upara, na uso mwekundu kama pilipili iliyoiva. Wenyeji kwa mzaha humwita "Mwingereza", kwa kuwa anafanana na mzungu aliyechomwa na jua. Wekundu huo watokana na mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Uakari mgonjwa uso wake hufifia.

Mwingereza mmoja hasa, Henry Walter Bates, aliishi Tefé katika miaka ya 1850 akikusanya wadudu na wanyama. Alieleza habari za uakari katika kitabu chake cha mwaka 1863. Baada yake, kwa zaidi ya miaka 100, uakari mweupe hakuchunguzwa vizuri katika msitu wake. Ndipo katika miaka ya 1980 akaja mtaalamu wa Kibrazili, José Márcio Ayres. Alikaa katika msitu wa maji akiwafuata kima hao, akaona kwamba chakula chao kikubwa ni mbegu za matunda mabichi, nazo huzivunja kwa meno yenye nguvu.

Pamoja naye alikuwa mpiga picha wa Kibrazili, Luiz Claudio Marigo. Marigo alikuwa amekwisha kuzunguka sehemu nyingi za Brazili akipiga picha za wanyama na miti. Picha zake zilitiwa ndani ya pakiti za chokoleti, na watoto wengi wa nchi ile wakazikusanya. Mtu anaweza kucheka kazi ya picha za chokoleti. Mimi sicheki. Mtoto wa mjini asiyewahi kuona msitu alijua jina la mnyama wa nchi yake.

Mwaka 1985 watu hawa wawili, mtaalamu na mpiga picha, waliiandikia serikali ya Brazili wakiomba msitu wa uakari ulindwe. Mwaka 1990 serikali ya jimbo la Amazonas ilikubali. Eneo la hekta 1,124,000 likatangazwa kuwa hifadhi.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza.

Na wenyeji je?

Hifadhi iliyotangazwa mwaka 1990 ilikuwa ya namna ambayo sheria ya Brazili hairuhusu watu kuishi ndani yake. Lakini ndani ya Mamirauá walikuwamo watu wengi, katika vijiji vingi vidogo kandokando ya mito. Wengine asili yao ni wenyeji wa kale wa Amerika. Wengine ni wajukuu wa watu waliokuja kugema mpira. Katika picha ya uakari hawaonekani. Mtu aliyeitazama picha akiwa mbali angeweza kudhani msitu ule hauna mwenyewe.

Kumbe watu hao walikuwa wameanza kulinda maji yao kabla ya picha. Katika miaka ya 1960 na 1970 boti kubwa za uvuvi zilianza kuja kutoka mijini zikiwa na injini, barafu na nyavu za nailoni. Zilifagia ziwa moja, zikahamia jingine. Mvuvi wa kijiji mwenye mtumbwi na chusa alikuta maji matupu. Chusa ni mkuki wenye kamba, wa kuchomea samaki.

Wanakisomo, hapa sikilizeni vizuri. Brazili ilikuwa na mpango wa kisomo ulioanzishwa na maaskofu wa Kanisa Katoliki mwaka 1961. Uliitwa Harakati ya Elimu ya Msingi. Masomo yalitangazwa kwa redio, na wanavijiji walikusanyika na kiongozi wao kusikiliza, kusoma na kujadili. Wazee wetu waliokuwa katika vikundi vya "Mtu ni Afya" mwaka 1973, hapa Tanzania, watakumbuka jinsi ilivyokuwa. Katika eneo la Tefé, vikundi hivyo havikuishia kwenye herufi. Vilijadili samaki. Vijiji vikakubaliana kugawa maziwa yao. Ziwa hili ni la samaki kuzaliana, asivue mtu. Ziwa lile ni la kitoweo cha kijiji. Lile jingine ni la kuvua samaki wa kuuza. Kisha wakaweka zamu za ulinzi.

Ayres na wenzake walielewa kwamba bila watu hao hakuna atakayelinda hekta zaidi ya milioni moja za maji na miti. Askari wangapi wangetosha? Mazungumzo yakafanyika kwa miaka kadhaa, kijiji baada ya kijiji. Mwaka 1996 sheria ya jimbo ikabadilishwa. Mamirauá ikawa hifadhi ya namna mpya, ya kwanza ya aina yake nchini Brazili. Wenyeji hubaki, hulima na huvua, kwa kufuata mpango ambao wao wenyewe wameshiriki kuutunga. Ule ugawaji wa maziwa ukaingizwa katika mpango huo.

Kuhesabu samaki

Samaki mkubwa kuliko wote katika maziwa hayo ni piraruku. Huweza kupita urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 100. Ulimi wake una mfupa. Magamba yake ni mapana na makavu, na watu huyatumia kama tupa ya kucha. Nyama yake hupasuliwa, hutiwa chumvi na kukaushwa juani.

Piraruku ana jambo moja linalofanana na kamongo wa Ziwa Viktoria. Hupumua hewa. Kila baada ya dakika chache, na kwa kawaida kabla ya dakika 20 kupita, lazima apande juu avute pumzi. Anapopanda, mvuvi mwenye chusa anangoja. Wakati wa kulea watoto ni hatari zaidi, maana mzazi hukaa karibu na kundi la wanawe na hupanda mahali pale pale. Piraruku walipungua sana, na mwaka 1996 serikali ilikataza kuwavua katika jimbo la Amazonas.

Wavuvi walifanyaje? Waliwaambia wataalamu: "Sisi tunaweza kuwahesabu." Wataalamu wakaona ni jambo gumu kuamini. Samaki yuko ndani ya maji ya tope, utamhesabuje?

Hufanya hivi. Wakati maji yameshuka, samaki wamebaki ndani ya maziwa na hawawezi kutoka. Wavuvi hugawana ziwa, kila mmoja na sehemu yake. Kila mmoja hutulia ndani ya mtumbwi kwa dakika 20. Kila piraruku akipanda kupumua, mvuvi hutazama wimbi, husikiliza sauti, huona mgongo. Kwa dalili hizo hujua kama ni samaki yule yule au ni mwingine, na kama amepita mita moja na nusu au bado. Huandika alama kwenye karatasi. Safu moja ni ya wakubwa, safu nyingine ni ya wadogo. Dakika 20 zikiisha, wote husogea sehemu nyingine pamoja.

Wataalamu walilinganisha hesabu za wavuvi na hesabu zilizofanywa kwa njia za kitaalamu, samaki wakikamatwa na kutiwa alama. Namba zilikaribiana sana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004.

Uvuvi wa mpango ulianza mwaka 1999 katika vijiji vichache vya Mamirauá. Kila mwaka wavuvi huhesabu, hujaza fomu, hupeleka kwa serikali, na kuomba kibali. Hawaruhusiwi kuvua zaidi ya asilimia 30 ya samaki wakubwa waliohesabiwa. Samaki asiyefika mita moja na nusu hurudishwa. Kuanzia Desemba mpaka Mei, wakati maji yanapanda na samaki wanazaa, hakuna kuvua. Je, piraruku walizidi kupungua? Hapana. Katika eneo lililoanza, kati ya mwaka 1999 na 2006 waliongezeka takriban mara tisa. Baadaye vijiji vingi vya Amazonas, nje ya Mamirauá, vilijifunza njia hiyo.

Asiyejua kuandika angeweza kuwahesabu samaki kichwani, na wengi wa zamani walifanya hivyo. Lakini afisa wa serikali hatoi kibali kwa hesabu iliyo kichwani mwa mtu.

Miaka ya karibuni

Katika bandari ya Manaus watu wamekuwa wakipima kimo cha maji na kukiandika tangu mwaka 1902. Kwa sababu hiyo tunaweza kulinganisha. Mwaka 2021 maji yalipanda juu kuliko mwaka wowote ulioandikwa. Mwaka 2023 yakashuka chini kuliko mwaka wowote ulioandikwa, na mwaka 2024 yakashuka zaidi. Katika ziwa la Tefé, mwaka 2023, maji yalipata joto la zaidi ya digrii 39. Pomboo zaidi ya 150 walikufa. Vijiji vingine havikufikika kwa boti, na watu walibeba chakula na maji ya kunywa kwa miguu juu ya matope yaliyopasuka. Wavuvi wa piraruku, ambao hungoja maji yashuke ili wahesabu, walikuta maji yameshuka kupita kiasi, na njia ya kupeleka samaki sokoni imekauka.

Ayres alifariki mwaka 2003, na Marigo mwaka 2014. Wapiga picha wengine huenda huko kila msimu wa maji. Siku hizi wageni hulala katika nyumba inayoelea, wenyeji huwaongoza kwa mitumbwi, na sehemu ya fedha hubaki vijijini.

Maswali na mazoezi

1. Maji ya Mamirauá hupanda mita ngapi? Pimeni kamba ya urefu huo, mkailaze uwanjani.

2. Kwa nini mpiga picha huona wanyama vizuri zaidi wakati maji yamejaa?

3. Wavuvi watatu wamehesabu piraruku wakubwa katika ziwa moja. Wa kwanza ameandika 14, wa pili 9, wa tatu 17. Jumla ni wangapi? Wakiruhusiwa asilimia 30, watavua wangapi?

4. Sheria ya mwaka 1990 na ile ya mwaka 1996 zinatofautiana wapi? Mwenye kijiji ndani ya msitu angeipenda ipi, na kwa nini?

5. Katika kijiji chenu kuna kitu gani kinachopungua ambacho hakijahesabiwa: samaki, miti, mizinga ya nyuki, maji ya kisima? Chagueni kimoja. Nani atakihesabu, siku gani, na karatasi itatunzwa na nani?